Mesa: draiva huria za grafiki ambazo bagi ikijulikana inarekebishwa kweli

Kwa wenye haraka nitoe jibu kabisa: kama kadi yako ya grafiki ni AMD au Intel na mashine inatumia Linux, kaa na Mesa, usihangaike kutafuta kitu kingine. Kama ni NVIDIA maelezo ni marefu kidogo, nitafika huko.

Mesa ni ya zamani sana, Brian Paul aliianza mwaka 1993 ikiwa ni OpenGL (lugha ambayo programu inatumia kuomba picha zichorwe) ya kuendeshwa na prosesa tu, leo imekuwa ukoo mzima: RADV na radeonsi za AMD, ANV na Iris za Intel, NVK ya NVIDIA, Turnip ya Adreno na Panfrost ya Mali (chipu za grafiki za kwenye simu), mpaka mashine za Apple M1 zina draiva yao humo humo. Na sio kwamba ni miradi tofauti iliyopewa jina moja, hapana, zinatumia vitu vingi kwa pamoja, hasa NIR, ile lugha ya katikati ambayo kila sheda (programu ndogo ya kuchora inayoendeshwa ndani ya kadi) inapitia kabla ya kuwa maelekezo ya kadi husika, kwa hiyo mtu wa Intel akiandika kitu kizuri kwenye NIR na mwenye AMD naye anafaidi bila kuomba.

Kuna jambo linachanganya watu wengi sana. Draiva ya grafiki kwenye Linux ina vipande viwili, kimoja kiko ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, kwa AMD kinaitwa amdgpu, hicho ndo kinagawa memori ya kadi, kinapeleka kazi kwenye kadi, kinawasha skrini na kupandisha au kushusha spidi ya kadi. Cha pili ndo Mesa yenyewe, inapokea amri za OpenGL au Vulkan, ndugu yake mpya, kutoka kwenye gemu na kukompaili sheda, yaani kuzigeuza kuwa maelekezo ya kadi. Skrini ikibaki nyeusi baada ya mashine kuamka usingizini, anza kuishuku kerneli. Ila kama gemu linaenda vizuri afu nywele za mhusika zina madoa ya kijani, hapo shuku Mesa au gemu lenyewe. Ukijua hili utajua uapdeti nini na ripoti uipeleke kwa nani, maana kila siku unakuta mtu kabadilisha kerneli mara kadhaa akitafuta dawa ya tatizo ambalo halipo kwenye kerneli kabisa.

Sasa spidi. Hapa nitakaa sana maana ndo sehemu iliyofanya niiheshimu hii kazi. Zamani RADV, draiva ya Vulkan ya kadi za AMD, ilikuwa inakompaili sheda kwa LLVM, na LLVM ni kompaila nzuri mno, shida ni kwamba ilijengwa kwa ajili ya programu za kawaida ambako mtu anakompaili mara moja na kusubiri sio tatizo. Gemu halina huo muda. Unafungua mlango, chumba kipya kina sheda mpya, fremu, yaani picha inayofuata, inasimama kusubiri kompaila imalize. Ukicheza kwa fremu 60 kwa sekunde kila fremu ina milisekunde 16 na kidogo tu, sheda moja ikila milisekunde 200 hapo huhitaji kipimo, jicho linaona picha imekwama. Mwaka 2019 Valve, wale wa Steam, wakatangaza ACO, kompaila iliyoandikwa kwa ajili ya kadi za AMD peke yake, ikaingia Mesa 19.3 kama kitu cha kujaribu na ilipofika 20.2 ndo ikawa kompaila ya kawaida ya RADV. Inakompaili haraka kuliko LLVM kwa mbali, na inachotoa ni kizuri pia, hasa kwenye kugawa rejista.

Hizo rejista, vile vihifadhi vidogo vya data ndani ya kadi, ndo zinabeba mchezo wote na watu hawazizungumzii. Memori ya kadi inachelewa kujibu, kwa hiyo kadi inashika mafungu mengi ya kazi kwa wakati mmoja, fungu moja likisubiri data lingine linaendelea kupiga hesabu. Ila rejista ni za kugawana, sheda ikidai rejista nyingi mafungu yanayoenea humo yanakuwa machache, yote yakiishia kusubiri memori basi kadi imekaa tu haina kazi na wewe umelipia kadi nzima. Kompaila ikibana rejista chache kwenye sheda nzito fungu moja zaidi linaingia, na fremu zinaweza kupanda wakati hakuna aliyegusa gemu, hakuna aliyegusa kadi. Nikisoma mabadiliko ya toleo jipya nikakuta mstari mmoja mkavu unaosema rejista zimepungua kwenye sheda za aina fulani, mi nafurahi kwelikweli, kwa sababu najua kuna mtu amekaa na maelekezo ya kadi mstari kwa mstari kuipata hiyo tofauti.

Baada ya hapo mwaka 2022 ikaja ekstensheni ya Vulkan inayoitwa VK_EXT_graphics_pipeline_library, jina refu ila kazi yake inaeleweka: badala ya kusubiri mpaka kila kitu kijulikane ndo sheda ikompailiwe, vipande vinakompailiwa mapema gemu likiwa linapakia, vikija kuhitajika vinaunganishwa chapchap. RADV wakaiwasha kwa kila mtu kuanzia Mesa 23.1, na DXVK, ile inayogeuza Direct3D ya Windows kuwa Vulkan, inaitumia toka toleo lake la 2.0. Ukijumlisha na kashe, yaani akiba ya sheda zilizokwisha kukompailiwa inayobaki kwenye diski, kule kukwamakwama kwa dakika za mwanzo kumepungua sana, ingawa sio kwa kila gemu. Na sio mimi tu ninayeisifu RADV, ilianzishwa 2016 na watu ambao hata sio waajiriwa wa AMD, afu mwaka 2025 AMD wenyewe wakaachana na AMDVLK, draiva yao huria ya Vulkan, wakaamua kuweka nguvu kwenye RADV.

Upande wa bagi. Hapa ndo tofauti na draiva za kufungwa inaonekana wazi, maana kule unaripoti tatizo afu unakaa kusubiri toleo jipya ukitumaini na lako limo. Chukua mfano unaotokea mara nyingi: gemu linaonyesha vipande vya takataka za rangi pembeni ya vivuli, leo vipo kesho havipo, kwenye draiva nyingine havionekani kabisa. Mara nyingi hapo gemu linasoma memori ambayo halijawahi kuiandika, draiva nyingine kwa bahati inatoa memori yenye sifuri tupu, hii inatoa memori yenye mabaki ya kazi iliyopita. Unaweza kulijaribu mwenyewe, unaanzisha gemu ukiwa umeweka RADV_DEBUG=zerovram, hiyo inalazimisha memori ifutwe kabla ya kupewa gemu, takataka zikipotea basi umeshapata nusu ya jibu na ripoti yako ina uzito. Kosa ni la gemu, ndio, ila mtengenezaji wa gemu huenda hayupo tena, kwa hiyo watu wa Mesa wanaliandika jina la hilo gemu kwenye faili la mipangilio linalokuja na draiva ili memori ifutwe kwa hilo gemu tu na mengine yasipunguziwe spidi. Lifungue hilo faili siku moja, liko kwenye folda ya drirc.d, ni orodha ya magemu na programu na kila moja na dawa yake. Naona ni kazi ya heshima sana.

Kama tatizo halikuwepo kwenye toleo la zamani na sasa lipo, njia ni git bisect. Unakompaili Mesa ya katikati ya toleo zima na toleo bovu, unajaribu, unasema zuri au baya, nusu inaondoka, unarudia. Mabadiliko 1000 yanaisha kwa majaribio kama 10 hivi, mwisho unabaki na badiliko moja lenye jina la aliyeandika na sababu yake. Ripoti yenye hilo badiliko, pamoja na rekodi ya fremu mbovu kutoka RenderDoc, inashughulikiwa kwa namna tofauti kabisa na ripoti ya "gemu halifanyi kazi saidieni". Na hata marekebisho yenyewe hayaingii hivihivi, kila badiliko linapitishwa kwenye majaribio ya mashine halisi zenye kadi tofauti, yakiwemo yale majaribio ya Khronos wenye Vulkan na OpenGL, likianguka halipiti.

Kadi za zamani nazo hazitupwi. Radeon HD 7000 ni za mwaka 2012, na kwa miaka mingi kerneli ilikuwa inazipeleka kwenye draiva ya zamani ya radeon, hivyo kutumia RADV ilibidi uandike mwenyewe radeon.si_support=0 amdgpu.si_support=1 wakati wa kuwasha, sasa kuanzia kerneli 6.19 zinaenda amdgpu zenyewe. Kadi ya umri huo kupata Vulkan bila kuhangaika, mi sijaona kampuni inayofanya hivyo kwa draiva ya kufungwa.

Malalamiko ninayo pia. La kwanza distro nyingi (mifumo ya Linux kama Fedora) zinakaa na Mesa iliyopitwa, toleo jipya linatoka kila baada ya miezi mitatu hivi, mtu ananunua kadi iliyotoka juzi anaiwekea mfumo wenye Mesa ya mwaka jana afu anasema Linux mbovu. Kabla hujalalamika endesha glxinfo -B uone toleo na jina la draiva, ukikuta limeandikwa llvmpipe ujue kadi yako haitumiki kabisa, picha zote zinachorwa na prosesa. La pili kadi ikiganda bado ni balaa, kerneli inaiweka upya ila mara nyingi madirisha yote yanaondoka na kazi ambayo hukuisevu, sasa hivi ni nafuu kuliko zamani ila bado. La tatu sio kosa la watu wa Mesa lakini linaumiza: Fedora mwaka 2022 waliondoa kwenye Mesa yao uwezo wa kadi kufungua video za H.264 na H.265 kwa sababu za hataza, na mwaka 2024 HDMI Forum, wasimamizi wa HDMI, waliikatalia AMD kuweka HDMI 2.1 kwenye draiva huria, msimbo ulikuwa tayari umeandikwa! Kwa hiyo kama unataka 4K ya 120Hz yenye rangi kamili tumia DisplayPort.

Haya, NVIDIA. Kuanzia kadi za GTX 900 za mwaka 2014 femwea, programu ya ndani ya kadi yenyewe, inatakiwa iwe na saini ya NVIDIA, na draiva huria ya Nouveau haikuwa na njia ya kupandisha spidi, kadi inabaki kwenye spidi ya kuwashia tu, hapo hata ukiwa na kompaila bora duniani haisaidii. Kuanzia Turing, kizazi cha RTX 20, kuna prosesa ndogo ndani ya kadi inaitwa GSP inayosimamia hayo mambo, Nouveau ikajifunza kuongea nayo kuanzia kerneli 6.7, na NVK iliyotangazwa 2022 na kampuni ya Collabora, Faith Ekstrand akiwa mbele, ikakaa juu yake. Kufikia 2023 ilishapita majaribio ya Khronos ya Vulkan 1.0 na ilipofika Desemba 2024 ilikuwa na Vulkan 1.4 siku ileile ilipotangazwa, hiyo ni kasi ya kutisha kwa timu ndogo. Magemu mengi yanacheza, ila fremu bado ziko chini ya draiva ya NVIDIA wenyewe, kwenye magemu mazito utaliona hilo bila kupima. Mwenye RTX ya 20 kwenda juu anayecheza magemu ya kawaida ajaribu, na akikuta bagi aripoti, huko ndo ripoti nzuri zinahitajika zaidi kwa sasa. Mwenye GTX 900 au 1000 asijisumbue kwa ajili ya magemu, lile tatizo la spidi halijaondoka. Na kama kazi yako ni CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kupiga hesabu kwenye kadi, baki na draiva ya NVIDIA, NVK ni Vulkan, CUDA haimo.