Meloksikamu ya maji kwa mbwa aliyetoka kupasuliwa: uzoefu wangu, Mtwara

Mbwa wangu Chausiku alitolewa kizazi mwezi wa nne, kilikuwa kimejaa usaha. Upasuaji wenyewe sina neno nao. Daktari wa mifugo alikuja nyumbani Shangani, akamaliza kabla ya adhuhuri, mshono safi.

Kilichonikera ni kwamba aliacha antibayotiki tu. Nilipouliza dawa ya maumivu akanijibu, "Mbwa ni mvumilivu, kaka."

Usiku ule Chausiku hakulala. Alisimama kwenye kona ya banda, miguu ya nyuma ameitanua, kichwa chini, anasinzia mpaka magoti yanalegea, anashtuka, anasimama tena. Hakulia hata mara moja. Anayesema mbwa akiumia lazima alie, aje akeshe naye.

Asubuhi mama mwenye nyumba, ambaye kwa kawaida hamsogelei mbwa kwa ajili ya udhu wake, akaniletea diklofenaki zake za mgongo. "Mpe nusu, mwanangu." Nilishaikata. Bahati nikampigia kwanza rafiki yangu, daktari wa mifugo huko Lindi, akafoka: diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kumwharibia figo. Paka ndiyo kabisa, panadol moja inaweza kumuua.

Akaniandikia meloksikamu ya maji, dawa ya maumivu anayoweza kupewa mbwa. Maduka ya dawa za mifugo niliyopita hapa mjini yalikuwa na ya sindano ya ng'ombe tu, kwa hiyo ikaletwa na basi kutoka Dar, nikaipokea kesho yake jioni. Sh 38,000 kwa kichupa cha kukaa kiganjani, bado nauli ya mzigo. Ghali, ndiyo.

Dozi inakwenda kwa kilo. Nilimbeba nikapanda naye kwenye mizani ya korosho ya jirani (ya kazi gani na msimu umefungwa, sikuuliza), nikatoa uzito wangu, akabaki na kilo 18. Rafiki yangu akapiga hesabu: mililita 2.4 siku ya kwanza, halafu 1.2 mara moja kwa siku, na chakula. Ni tamu, aliilamba pamoja na ugali wa dagaa.

Isha haijaadhiniwa, akajizungusha mara tatu, akalala ubavu, akakoroma.

Siku ya nne alitapika mara mbili. Nikaambiwa niisimamishe palepale, nikaisimamisha, maumivu yalishapungua.

Yule daktari wa kwanza alipokuja kutoa nyuzi alikiona kichupa dirishani. Akakigeuzageuza, akakipiga picha.