Steshenari ya Tandika inayosaidia watu kwenye daftari la wapiga kura: nyota tatu na nusu

Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika, Temeke, na naandika Machi 2025, mwezi wa Ramadhani, vitambaa vya Idd vimejaa mezani mpaka pa kuweka mkasi hakuna. Nasema hivyo mjue kwamba asubuhi nzima ya foleni kwangu ni gauni la mtoto wa mtu halijaguswa, na mama yake anakuja jioni.

Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura umeanza Dar Jumatatu ya 17 Machi 2025. Vituo vinafunguliwa saa 2 asubuhi, vinafungwa saa 12 jioni. Gari la matangazo limepita mtaani kwetu na spika zake, jitokezeni, jitokezeni. Mpangaji mwenzangu, bibi mmoja anayetembelea mkongojo, alilisikiliza mpaka likakata kona, akasema, "Wananiita tu. Nani wa kunipeleka?"

Ndiyo maana naandika kuhusu hii steshenari. Jina silitaji, wa Tandika mtaijua kwa bajaji iliyoegeshwa mlangoni na karatasi iliyobandikwa kioo: TUNASAIDIA DAFTARI. KUHAMA 1,000. WAZEE BURE.

Kazi yenyewe ni hii. Tume ya Uchaguzi ina mfumo wa mtandaoni ambao mtu aliyeko tayari kwenye daftari anaweza kuanza kurekebisha taarifa zake kwa simu au kompyuta, kisha anaenda kituoni kumalizia na kupewa kadi. Mfumo ni bure. Kuna jirani amenuna kwamba vijana wanauza kitu cha bure. Mimi hiyo buku, yaani shilingi elfu moja, nimeitoa bila kinyongo, maana nalipia bando, kompyuta na mtu wa kunisomea maelezo bila kunikaripia. Hata mimi mteja hanilipi uzi, ananilipa mikono.

Shida yangu ilikuwa kuhamisha jina. Kadi yangu ni ya 2015, niliichukulia Kilosa, mkoa wa Morogoro, mwaka ule mashine za alama za vidole zilipoanza kutumika. Uchaguzi wa 2020 ulinikuta tayari naishi Temeke, jina liko Kilosa, na kwetu unapiga kura pale ulipoandikishwa. Kupanda basi kwenda na kurudi kwa ajili ya kura moja, na kodi ya chumba inadaiwa? Sikwenda. Mwaka ule walioandikishwa walizidi milioni 29, waliopiga kura ni kama milioni 15. Watu wakiziona hesabu hizo wanasema Watanzania wavivu wa kura. Lakini 2010 waliojitokeza hawakufika asilimia 43, halafu 2015 wakawa asilimia 67. Uvivu gani huo unaopona ndani ya miaka mitano kisha ukarudi? Mimi sikuwa nimelala. Nilikuwa nashona, na jina langu lilikuwa mkoa mwingine.

Kijana wa kompyuta alinimalizia haraka, akanipa karatasi ya kwenda nayo kituoni. Ila alipostahili sifa hasa ni kwa bibi. Bibi alikuwa na hakika kwamba yeye ameshamaliza, kwa sababu Oktoba mwaka jana alijiandikisha. Na si yeye peke yake, nusu ya mtaa wanasema hivyo hivyo. Kijana akainuka kwenye kiti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, ile ya mwaka jana ilikuwa ya mwenyekiti wa mtaa, tukapiga kura Novemba. Hii ni ya rais, mbunge na diwani. Ni vitabu viwili, kimoja hakimjui mwenzake."

Bibi akaelewa palepale. Hakuna spika iliyokuwa imemwambia hivyo. Akatoa kadi yake ya zamani kwenye kitambaa, imechanika katikati, ikaonekana anahitaji nyingine.

Bajaji ikatupeleka mpaka ofisi ya serikali ya mtaa, bure kweli. Dereva njia nzima anaimba nyimbo za chama chake. Bibi akamgonga begani na mkongojo: "Mwanangu, wewe endesha." Kituoni wazee, wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ulemavu hawapangi foleni, kwa hiyo alipita moja kwa moja, nami nikapita kwa mgongo wake kama msindikizaji. Kidole gumba mashine ikakikataa. Cha shahada, ikakikataa. Bibi amekuna nazi na kumenya mihogo ya kuuza maisha yake yote, mistari ya vidole imefutika. Dada mwandikishaji akalowesha kitambaa, akamfuta kidole kimoja kimoja, akakibonyeza kwa kidole chake juu ya kioo na kukishikilia. Mashine ikakubali. Bibi akauliza kama picha imetoka vizuri, maana ile ya zamani alionekana ana hasira.

Sasa malawama. Yule kijana akishaingiza taarifa zako, anaandika jina, namba ya kadi na namba ya simu kwenye kaunta buku, na hilo kaunta buku liko wazi mezani. Mtu aliyekuja kutoa kopi ya cheti anasoma namba yangu ya kadi huku anasubiri chenji. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hizi za nini?"

"Kumbukumbu tu dada, ukirudi tusihangaike."

Inawezekana ni kweli. Lakini tunakwenda kwenye uchaguzi wa Oktoba, na kuna watu wangelipa zaidi ya buku kulipata kaunta buku lile. Nikamwambia afute mstari wangu na wa bibi. Alinung'unika, akaufuta kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Ukitaka kumsaidia mtu apige kura, msaidie umwache aende zake. Kubaki na namba zake ni biashara nyingine.

La pili, mtoto wa jirani ndiyo kwanza ametimiza miaka 18. Walimchukulia buku wakamwambia ameshaanza. Ameanza wapi? Mtandaoni ni kwa waliomo tayari, mpya lazima aende mwenyewe apigwe picha na kuchukuliwa vidole. Alikwenda, akapanga foleni na kufunga kwake, akaandikishwa vizuri bila karatasi yao. Ile buku warudishe.

Tukiwa tunasubiri printa, mteja mmoja akashauri serikali ilazimishe, kama Australia ambako asiyepiga kura bila sababu anapigwa faini. Mimi hapo nilikataa. Shemeji yangu amewatazama wote wanaotajwa kugombea akasema wake hayumo. Sikumbembeleza, nimemshonea shati la Idd tukazungumza mengine. Anayenikera ni yule anayetaka kupiga halafu anakwama kwa karatasi, nauli au goti bovu, na sisi tunaendelea kumpigia spika. Siku ya kura asiyeona anaruhusiwa kutumia kifaa cha nukta nundu au kuja na mtu anayemwamini, hilo limeshafikiriwa. Nilipomuuliza mwenye duka kama bajaji itakuwepo siku hiyo, alisema tutaona. Nitamkumbusha mimi.

Kwa hiyo, kama umehama au kadi imepotea, nendeni, watakusaidia vizuri. Kama ni mara yako ya kwanza, pitiliza mpaka kituoni, usiache buku pale. Wakilifungia lile kaunta buku kwenye droo nawaongezea nyota. Na mwenye mzee awahi kabla ya saa 4 asubuhi, baada ya hapo bajaji inabeba magimbi ya futari.