Kapu la Msimu kutoka Lushoto: Tathmini ya Huduma ya Shamba Dogo la Kilimo Hai

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kapu la mboga na matunda linalotumwa kila wiki kwa wateja wa Dar es Salaam kutoka shamba la familia lililo kwenye miteremko ya Usambara Magharibi, juu ya mji wa Lushoto. Mteja hulipia miezi mitatu kwa mkupuo, kwa kiwango cha shilingi 25,000 kwa kapu, na hachagui kitakachowekwa ndani. Mwenye shamba ndiye anayepanga, naye hupangiwa na mvua na baridi. Sharti hilo ndilo linalowaudhi baadhi ya wateja hadi wakaacha, nami naona ndilo linaloifanya huduma hii istahili kulipiwa.

Malalamiko mengi huanza wakati wa masika. Tangu mvua zinaposhika mwezi Machi hadi Mei inapokwisha, kapu huja bila nyanya. Unyevu na ubaridi wa milimani huleta bakajani chelewa, ugonjwa ambao ukishaingia shambani unaweza kuteketeza nyanya zote kwa siku chache, na ambao wakulima wengi huukabili kwa kupuliza viuakuvu mara kwa mara, na zaidi pale mvua zinapozidi. Shamba hili halipulizi dawa hizo, kwa hiyo halipandi nyanya za kuvunwa miezi hiyo, na wala halinunui za jirani ili kujazia kapu. Badala yake huja mnafu, majani ya maboga, sukumawiki, figiri na liki, vyote vikiwa vimenawiri kwa mvua, ingawa majani mengine yana matundu ya wadudu na mara chache konokono mdogo hukutwa katikati. Jiko lililozoea kuunga kila mchuzi kwa nyanya litapata taabu mwanzoni, lakini mnafu huo ukichemshwa na kuungwa kwa nazi na kitunguu hauhitaji nyanya hata kidogo.

Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndicho kipindi ambacho kapu hufikia ubora wake wa juu kabisa. Karoti huja na majani yake na udongo ukiwa bado umeshika kwenye mizizi, na utamu wake ni wa kweli, kwa kuwa karoti iliyokomaa kwenye baridi hulimbikiza sukari zaidi kuliko iliyoharakishwa na joto. Hufuatwa na brokoli, kabichi ndogo zilizofunga vizuri, letusi, na njegere ambazo ni lazima zipikwe siku ileile au kesho yake ili zisipoteze ladha. Nililitembelea shamba katika msimu huo, na nilichokiona kinaeleza ubora huo kuliko maneno ya tangazo lolote. Kingo za matuta zimepandwa majani ya Guatemala, ambayo huzuia udongo usiteremke bondeni. Majani hayohayo hukatwa na kulishwa ng'ombe wa maziwa wanaofugwa zizini. Samadi yao huchanganywa na mabaki ya mazao, ikageuzwageuzwa hadi kuwa mboji, kisha hurudishwa kwenye matuta kabla ya kupanda. Mahali palipotolewa kabichi hupandwa maharage, na baada ya maharage hupandwa karoti au vitunguu, ili wadudu na magonjwa ya zao moja yasikute chakula chao palepale kila msimu. Kazi hiyo ni nzito, na sehemu kubwa yake hufanywa kwa jembe la mkono kwenye mteremko mkali ambao trekta haliwezi kupanda. Yeyote anayeilalamikia bei ya kapu angefaa kuuona mteremko huo.

Septemba na Oktoba nyanya hurejea kwa kumwagiliwa maji ya mfereji, huku udongo ukifunikwa kwa matandazo ili usikauke. Hata hivyo adui wa wakati huo ni kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014 na ambaye kiwavi wake hujificha ndani ya jani na tunda. Shamba hutumia mitego, huchuma na kuteketeza majani yaliyoshambuliwa, na hupuliza maji ya mwarobaini unaoletwa kutoka tambarare ya Mombo. Nyanya zinazopona ni chache na hazilingani ukubwa, lakini zina harufu ya nyanya, na kwangu hilo latosha.

Matunda ndiyo yaliyonisikitisha, na kosa si la mkulima wala la mti. Plamsi na pichesi, ambazo huanza kuiva kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi baada ya mwaka mpya, huchumwa zikiwa zimeiva barabara, jambo linalostahili sifa kubwa. Lakini hufungwa ndani ya kapu moja na karoti na viazi, kisha huteremshwa kwa gari kwenye kona za barabara ya Soni hadi Mombo, na kutoka hapo zikaendelea na basi hadi kituo cha Magufuli, Mbezi. Zaidi ya mara moja nimepokea pichesi zilizopondeka kiasi cha kufaa kwa jamu peke yake. Nimewaandikia kuomba matunda yafungwe katika boksi lake lenye majani makavu. Walijibu kwa heshima na kuahidi, na plamsi zilizofuata zilifika salama, ingawa pichesi bado.

Kuhusu uthibitisho, shamba limo katika kikundi cha wakulima wanaokaguana kwa mfumo shirikishi wa uhakiki, chini ya viwango vya mazao hai vya Afrika Mashariki vilivyopitishwa mwaka 2007, na hivyo linaruhusiwa kutumia alama ya Kilimohai. Mfumo huo una gharama ndogo kuliko kuleta mkaguzi wa kampuni ya nje, na unawafaa wakulima wadogo. Ningependa tu matokeo ya ukaguzi yawe yanatumwa kwa wateja bila kuombwa.

Kwa anayetaka kujiunga, ninashauri aanze na muhula wa Juni, aizoee huduma wakati kapu limeshiba, ndipo aamue kama ataivumilia masika isiyo na nyanya. Kwa watu wawili kapu zima ni kubwa mno. Waombe nusu kapu, ambalo shamba hulitoa kwa shilingi 15,000 ingawa halilitangazi.