Mashine ya presha ya nyumbani: kabla hujatoa hela, pima mkono

Jamani nimeliwa elfu hamsini na tano na naandika nikiwa bado na hasira. Mama yuko Pangani, mimi niko Tanga mjini, ana presha mwaka wa tisa huu, nikasema nimnunulie mashine awe anapima asubuhi na jioni, mjukuu anapiga picha zile namba ananirushia WhatsApp, mimi naziandika kwenye daftari la kliniki. Siku ya kwanza 171 kwa 98. Ya pili 168. Wiki nzima silali, mwisho nikampandisha gari aje Tanga, nesi akampima akapata 149, bado iko juu lakini sio ile ya kunitoa roho. Akaishika mashine yetu akacheka, "dada, huu mkanda wa mtoto wa shule."

Kumbe! Mikanda mingi ya kawaida ni ya mkono wa sentimita 22 mpaka 32, wa mama 41, nimepima kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Ndio maana ukijaa upepo ulikuwa unafyatuka praaa, na sisi tunaukaza na leso! Mkanda mdogo unapandisha namba, watafiti wa Johns Hopkins kule Marekani walionyesha 2023, wenye mikono minene kabisa wakivalishwa wa kawaida namba ya juu ilizidi karibu 20. Hapo mtu anaongezewa dawa bure.

Mimi ni mtu wa mashine za kampuni ya Omron, sifichi. Ya kwanza M3 Comfort, mkanda wake 22 mpaka 42, una umbo la mkono kabisa, mama anauvaa mwenyewe, na inatunza namba za watu wawili hata mjukuu akisahau picha. Ya pili M7 Intelli IT, inarusha namba kwenye simu kwa bluetooth, nzuri, ila mama ana kitochi, sasa itaongea na nani? M2 Basic kama mkono haufiki 32. Za kuvaa kama saa usipoziweka usawa wa moyo zinadanganya. Za elfu ishirini, pita tu.

Halafu hawa wauzaji. Ukiomba boksi lifunguliwe uone mkanda, "likifunguliwa umenunua." Mkanda mkubwa peke yake nikatajiwa elfu arobaini! Adapta ya umeme nayo mbali. Nikarudi dukani Ngamiani kwa upole kabisa niombe kubadilishiwa, yule kijana akanitazama, "kwani bi mkubwa hawezi kupungua kidogo?"