TAHADHARI kwa watengeneza gemu: vifurushi vya Unity vyenye "leseni ya kudumu" ni msimbo wa bure uliofutwa leseni

Msinunue faili la .unitypackage (kifurushi cha Unity, programu ya kutengenezea gemu) kwa wauzaji wa makundi ya WhatsApp na Telegram wanaoahidi "leseni ya kudumu". Wanachukua zana ambayo mwenyewe ameiweka bure pande mbili, Unity Asset Store (duka la Unity) na GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo), wanafuta faili la LICENSE, wanabadilisha majina, kisha wanaiuza kama kazi yao.

Wengi huingia mtegoni kwa sababu msimbo ni uleule ila leseni ni mbili. Nakala ya GitHub yenye leseni ya MIT inaruhusiwa hata kuuzwa, mradi tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yabaki humo. Anayeyafuta amevunja leseni, nawe ukiulizwa huna cha kuonyesha. Nakala ya Asset Store inafuata mkataba wa duka: itie ndani ya gemu yako, lakini kuiuza au kuigawa peke yake ni marufuku, hata kama bei yake ilikuwa sifuri. Na msimbo ulioko GitHub bila leseni yoyote si wa kila mtu. Haki zote ni za mwandishi.

Kabla ya yote, usiliingize faili hilo kwenye mradi. Skripti yenye InitializeOnLoad hujiendesha mara tu Unity inapoipakia, bila wewe kubonyeza kitu. Kifurushi hiki ni kumbukumbu ya tar (faili nyingi ndani ya moja) iliyobanwa kwa gzip tu, kwa hiyo kifungue nje, kwenye folda tupu, kwa amri ya tar -xzf. Utakuta folda zenye majina ya herufi na tarakimu 32. Majina hayo ndiyo GUID, yaani kitambulisho cha kila faili, na ndani ya kila folda mna asset.meta (maelezo ya faili) na pathname (njia yake kwenye mradi). Wauzaji hawa hubadilisha majina ya faili lakini GUID huziacha, maana wakizigusa viungo vya mradi mzima vinakatika. Tafuta GUID mbili tatu kwenye GitHub. Chanzo mara nyingi hujitokeza hapohapo. Ukikuta kifungu cha AssetOrigin ndani ya asset.meta, mzigo umepitia dukani, na packageName itakutajia bidhaa yenyewe. Kisipokuwepo, hilo halimsafishi muuzaji: vifurushi vya zamani havina.

Kama umeshalipa, tunza ujumbe wa muamala na mazungumzo, kisha mjulishe mwandishi halisi. GitHub hupokea ombi la DMCA (sheria ya hakimiliki ya Marekani) la kuondoa msimbo kutoka kwa mwenye hakimiliki au wakala wake, si kwa mnunuzi.

Kama umeshaliingiza kwenye mradi, funga Unity, weka nakala halisi ya GitHub pamoja na .meta zake, futa ile ya muuzaji. GUID zikilingana, viungo havikatiki; utarekebisha mistari ya using (inayotaja msimbo unaotumika) na majina yaliyobadilishwa, kama yapo. Maneno ya MIT yaweke kwenye ukurasa wa shukrani wa gemu. Chanzo kikiwa na GPL (leseni inayotaka kazi inayotumia msimbo huo itolewe kwa masharti yaleyale) na gemu yako haitolewi kwa masharti hayo, uondoe msimbo huo wote kabla hujaichapisha.