Dakika kumi za ukungu hakuna, ila saa nzima ya viazi ipo: tripu yangu ya Ngosi na Daraja la Mungu

Mi ni mtu wa Mbeya, nimezaliwa Mbeya, shule nimesoma Mbeya, na hadi naenda Dar kutafuta maisha sikuwa nimekanyaga Ziwa Ngosi hata siku moja. Chekeni tu, ila waulizeni na watu wa Arusha wangapi wamepanda Meru. Sasa likizo iliyopita mama mdogo akaja kutoka Dodoma na mwanae mdogo, nikasema safari hii hamna kisingizio, nikawatafuta hawa vijana wa tripu za siku moja, jina siwataji, tangazo lao zuri kweli: Ngosi, Daraja la Mungu, Kijungu na Kimondo, vyote siku moja, usiku unakula kwenu. Hapo ndo nilitakiwa kushtuka. Vile vitatu vipo njia ya Tukuyu, Kimondo kipo Mbozi huko njia ya Tunduma, siku hizi ni mkoa wa Songwe kabisa, na ile barabara kwa malori ya Zambia mnaijua wenyewe. Nikalipa.

Kupanda Ngosi sio mchezo jamani. Gari inafika inapofika, kinachobaki ni mguu, msitu mzito, migomba pori, tope linavuta kiatu utadhani linakudai. Mama mdogo magoti yanamsumbua, alipanda na fimbo huku kijana wa kijijini anayeongoza watu pale kamshika mkono, polepole mama, hatuna haraka, polepole. Tumefika juu, zaidi ya mita 2,600, baridi inauma masikio, tunachungulia chini: ukungu. Mweupe pee kama mtu katandaza shuka. Ziwa lipo chini yake, ndani ya shimo kubwa lililobaki baada ya volkeno kulipuka na kilele kuporomoka, wenyeji wanasema ukiliona vizuri lina umbo la ramani ya Afrika. Sa sisi hata Zanzibar hatukuiona.

Yule kijana akasema tusubiri, upepo ukigeuka panafunguka, mara nyingi huwa hivyo. Dereva wetu, ambaye ndo guide huyohuyo, akaangalia saa, tushuke ratiba inabana. Mama mdogo akamwomba kabisa, "Baba, dakika kumi tu, magoti haya hayapandi tena hapa." Unajua alimjibu nini? Tena bila hata kugeuka, kashaanza kushuka: "Mama, picha zake zipo Google."

Picha zake zipo Google! Mtu umetoka Dodoma, umepanda mlima na fimbo, unaambiwa Google. Nilitaka kusema kitu nikaona niko na mtu mzima na mtoto, nikameza.

Hatujafika hata nusu ya njia, nyuma yetu wanashuka wanafunzi wanapiga kelele za furaha, kumbe pamefunguka palepale. Wakatuonyesha kwenye simu: maji ya kijani yametulia, kuta za msitu zimeshuka wima hadi majini. Mama mdogo akaishika ile simu ya watu muda mrefu, akairudisha, akasema hongereni wanangu. Basi. Hakuongea tena hadi kwenye gari.

Afu sikiliza sasa. Hata hatujakaa sawa kwenye lami, gari likasimama. Nikajua pancha. Kumbe viazi. Viazi vya Mporoto! Jamaa kashuka, anabonyeza kiazi kimojakimoja, anabisha bei, anaondoka, anaitwa, anarudi, karibu saa nzima tumekaa ndani ya gari kama mizigo, mwisho magunia mawili juu na moja ndani, mtoto kakunja miguu juu ya gunia hadi jioni. Ratiba inayobana!

Kwa hasira zile Daraja la Mungu ningelichukia, lakini acha niseme ukweli, pale jamaa alinishinda. Ni daraja la mwamba juu ya mto Kiwira, hakuna fundi aliyelijenga, lava ilishuka kutoka milimani ikapoa na kuganda juu ya maji na mto ukaendelea kupita chini. Alieleza kwa chupa ya maji na tope hadi mtoto akaelewa. Na Kijungu, pale mto unapojimwaga kwenye shimo la mwamba kama chungu, alimshika mtoto kola ya sweta muda wote, hakumwachia hata sekunde. Nikaanza kumsamehe, nikasema labda leo kaamka vibaya. (Kijungu kipo upande wa chuo cha magereza, uliza kabla hujatoa simu kupiga picha.)

Afu tumefika Uyole, tumesharudi Mbeya mjini, saa kumi na moja jioni, nauliza Kimondo je? "Kimondo hakikimbii dada." Hela ya Kimondo imebaki kwake, msamaha nikaurudisha mfukoni.

Kesho yake nilienda mwenyewe, Coaster ya Tunduma afu bodaboda toka barabarani. Nendeni jamani. Chuma cha kutoka angani, urefu kama mita tatu, karibu chote ni chuma na nikeli kidogo, kimelala kwenye shimo walilochimba kukizunguka. Wazungu walikijua 1930, wenyeji walikuwa nacho siku zote wamekaa kimya. Kuna sehemu utaona pamekatwa kipande. Nilikaa pale hadi nikachoka mwenyewe, hakuna aliyeniambia Google.

Sa nyota ngapi? Mwanzo nilisema sifuri. Kwa Daraja nampa tatu, kwa kola ya sweta nne. Nikikumbuka mama mdogo na ile simu ya wanafunzi narudi sifuri, tena sifuri ya hasira.

Juzi kanipigia eti kuna nafasi Jumamosi, Ngosi peke yake, mje na mama tutasubiri ukungu hadi ufunguke. Nikamuuliza na viazi? Akacheka, dada msimu umeisha. Sijamjibu bado.