Ua la pinki linalotambaa: uzoefu wangu hapa Raskazone

Kama una ukuta wa matofali usiopendeza, au choo cha nje ambacho hutaki wageni wakione kutoka barazani, mmea huu utakifunika mapema kuliko fundi rangi unayemsubiri. Jina lake la kitaalamu ni Antigonon leptopus na asili yake ni Meksiko. Kwenye vitalu vya kando ya barabara hapa Tanga ukitaja "lile la pinki linalotambaa" unaelewana na muuzaji. Mche wangu niliupata kwa elfu tatu.

Udongo wa kwangu ni mchanga na mawe ya matumbawe, na upepo wa bahari una chumvi. Mawaridi hapa yanadumaa tu. Huu niliuwekea samadi, nikaumwagilia mpaka ukashika, basi. Masika yalipoingia ukapanda chanja, ukavuka. Majani yana umbo la moyo, maua madogo yananing'inia vishadavishada, na ncha ya kila kishada ina vikono vilivyojikunja kama springi. Hivyo ndivyo vinavyokamata kila kitu: waya, kamba ya kuanikia, hata ufagio ulioegemezwa ukutani ukasahauliwa. Nyuki nao wanaupenda mno, kwa hiyo usiupande karibu na dirisha la jikoni.

Sasa lile ambalo muuzaji hakulisema. Chini ya ardhi una viazi. Ukiukata juu, unachipua. Ukiung'oa ukaacha kipande cha kiazi, unachipua vilevile. Mbegu zake zinaelea, na mvua kubwa inazisomba mtaroni mpaka kwa watu. Mama jirani alinibishia hodi asubuhi: "Mwanangu, ua lako limekuja kunisalimia chumbani." Tulicheka, nikaenda kuchukua mkasi.

Msimu wa mvua napogoa kila wiki, na matawi nayakausha juani kisha nayachoma. Kuyatupa kiwanjani ni kuwapandia wengine. (Anayedhani natia chumvi aende Amani, kwenye milima ya Usambara, aone mti wa Maesopsis, ulioletwa kupandwa, ulivyoingia msituni.)

Ningeununua tena? Kwa ukuta huu, ndiyo, bila kusita. Ila kama uwanja wako unapakana na shamba, korongo au mikoko, chukua bogenvilia. Miiba inayo, lakini haina viazi vya kukurudia kila mwaka.